Septrin na watoto wa Memphis

Hivi karibuni mama mmoja alinisimamisha kituo cha basi. Mwanawe anatibiwa saratani ya damu. "Mtoto hakohoi," akaniambia, "kwa nini hospitali wanampa Septrin?" Swali zuri. Jibu lake linaanzia mbali, katika mji wa Memphis, Marekani.

Huko ndiko ilikofunguliwa hospitali ya watoto ya St. Jude, mwaka 1962. Wakati huo saratani ya damu iliua karibu kila mtoto iliyempata. Madaktari, wakiongozwa na Donald Pinkel, waliunganisha dawa kali kadhaa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 walianzisha tiba iliyoponya karibu nusu ya watoto. Lakini dawa hizo hizo zilidhoofisha kinga ya mwili. Akapata nafasi mdudu aitwaye Pneumocystis, asiyemsumbua mwenye afya. Mtoto ambaye damu yake imekwisha kuwa safi alianza kuhema, midomo ikageuka rangi, na nimonia ikamchukua. Fikiria mzazi aliyekwisha kumshukuru Mungu!

Daktari Walter Hughes na wenzake wakaona heri kuzuia kuliko kungoja. Waligawa watoto 160 katika makundi mawili. Themanini walipewa zile dawa mbili zinazounda Septrin. Themanini walipewa kitu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977: katika kundi lisilopata dawa, 17 waliugua nimonia hiyo. Katika kundi la Septrin, hata mmoja.

Mimi hiyo 17 hainitoki kichwani. Walikuwa watoto wa watu, na kwa kuugua kwao sisi tukajua. Mwaka 1987 Hughes alionyesha kuwa siku 3 kwa wiki zinatosha.

Ujuzi huo ulihitajika upesi kuliko ilivyodhaniwa. Taarifa ya kwanza ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI, Juni 1981, ilihusu vijana 5 wa Los Angeles wenye nimonia hiyo hiyo. Septrin ikawa kinga yao pia, ingawa Afrika tulingoja hadi mwaka 2000 ndipo Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaishauri kwa wagonjwa wetu.

Nilimweleza yule mama kwa kifupi, maana basi lake lilikuwa linaingia. Akauliza moja tu: siku mtoto akiwa mchangamfu, anacheza, ampe vile vile? Nikamwambia ndiyo, mpaka daktari aseme basi.