Reli ya Kasese
Reli ya Kasese ni njia ya takriban kilomita 330 kutoka Kampala hadi Kasese, magharibi mwa Uganda. Ilifunguliwa mwaka 1956 kubeba shaba ya Kilembe hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja. Hakuna reli iliyo karibu na miji ya Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuliko hii. Bidhaa za wafanyabiashara wa huko hupita Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, kwa malori. Treni za Kasese zilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Tuta la reli hiyo, lililoinuliwa juu ya vinamasi vya mafunjo kaskazini mwa Ziwa George, lingewafaa sana watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, kama reli kuukuu ya Missouri, Marekani, iliyogeuzwa kuwa Katy Trail.