Shada ndani ya kiini: Funzo la kahawa ya Ruiru

Jirani yangu hapa Thika aliwahi kuokota buni zilizoanguka chini ya mibuni yake ya Ruiru 11, akazipanda. Miaka mitatu baadaye, mingine ilikuwa mirefu, mingine mifupi, na mvua ilipozidi, chulebuni ikaozesha matunda mabichi mtini.

“Mwalimu, si mbegu ni ile ile? Mbona watoto hawafanani na mama?”

“Mzee,” nikamjibu, “hiyo kahawa ni chotara.”

Chulebuni ilitambuliwa Kenya mwaka wa 1922. Iliposambaa vibaya mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kahawa kule Ruiru walianza mwaka wa 1971 kutafuta aina inayoistahimili. Ruiru 11 ikatolewa mwaka wa 1985. Mbegu yake hupatikana kwa kupaka chavua ya aina moja, kwa mkono, kwenye maua ya nyingine.

Kiini cha seli ya kahawa hii kina kromosomu 44. Neno ‘kiini’ hutukumbusha kiini cha yai, ute usio na vyumba, nao wanafunzi wengi huchora kromosomu humo shaghalabaghala kama nyuzi kikapuni. Lakini tangu mwaka wa 1885, Carl Rabl alieleza kwamba zina mpangilio: sehemu tunazoziita leo sentromea huelekea upande mmoja, na ncha, yaani telomea, upande wa pili. Mwaka wa 1909, Theodor Boveri akasema kila kromosomu ina eneo lake.

Mpangilio huo hubadilika seli zinapojiandaa kutengeneza chavua na mayai. Katika mimea na wanyama wengi, telomea hushikamana na utando wa kiini, kisha hujikusanya mahali pamoja. Wataalamu waliuona umbo hilo kama shada la maua, wakaliita hivyo. Ncha zikiwa pamoja, ni rahisi kila kromosomu kumpata mwenzake. Zikishapatana, hubadilishana vipande, halafu huachana. Ndiyo maana kila buni ya chotara hubeba mchanganyiko wake, na kinga ya mama huenda isifike kwa mtoto.

Walimu wenzangu, ‘shada’ ni neno letu la kila siku. Tulichore ubaoni.

Mzee alicheka: “Kumbe kuna shada ndani ya ua!” Halafu akanyamaza, akiitazama ile mibuni. Mbegu za bure zilikuwa zimemla miaka mitatu.