Chapa ya Tashtiti

Mwaka 1844 gazeti la Paris, Le Charivari, lilichapisha michoro 40 ya Honoré Daumier iliyowakejeli wanawake waandishi. Msururu huo uliitwa "Soksi za Buluu", jina la kebehi walilobandikwa wanawake wasomi. Katika mmoja, mama amezama katika kuandika huku mtoto wake akizama kweli katika beseni la kuogea.

Kazi ya namna hii tuiiteje? "Picha ya dhihaka" hainiridhishi. Picha yaweza kuwa moja tu, ukutani kwa mwenyewe. Daumier alichora juu ya jiwe, likapakwa wino, likakandamizwa karatasi baada ya karatasi. Hiyo ni chapa, na ukali wake umo humo: mwandishi anachekwa kwa uchapaji, njia ileile inayosambaza vitabu vyake. Dhihaka nayo humdunisha mtu, basi. Tashtiti ni uchokozi. Humchokoza mtu ajibu. Kwa hiyo nasema chapa ya tashtiti. Ikiwa ya gazetini siku hizi, kibonzo cha tashtiti.

Sisi wa Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, tunao mfano wa karibu. Kibirizi, zinakopakia boti za Gombe, si mbali na hapa, na ni kwa ziwa hilihili mtafiti Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe. Kutokana na sokwe wale akaandika vitabu vilivyosomwa dunia nzima. Mwaka 1987 Mmarekani Gary Larson akachora kibonzo: sokwe jike anamchambua dume manyoya, anaokota unywele wa rangi ya dhahabu, anamshuku kuwa na Goodall, tena kwa tusi. Utafiti wa miaka 27 ukageuzwa ugoni! Hapo naona bado ni soksi za buluu: mwanamke anaandika, anaulizwa habari za mwili wake.

Taasisi ya Goodall ilipeleka barua kali ya malalamiko. Goodall mwenyewe, alipokiona, alicheka. Baadaye fulana zenye kibonzo hicho ziliuzwa kuichangia taasisi hiyohiyo, Larson akaja Gombe mwaka 1988, na Goodall akamwandikia dibaji ya kitabu chake cha vibonzo. Uchokozi ulipata jibu, wakawa watani. Wale wa Daumier hawakuombwa dibaji.