Neno la Watu wa Melos

Wasikilizaji wetu, wazee husema, "Mwenye nguvu mpishe." Tena husema, "Aliye juu mngoje chini." Leo twataka kuwasimulia jinsi mawazo haya mawili yalivyoshindana katika nchi ya Wayunani, mwaka wa 416 kabla ya Kristo.

Mji wa Athens, adui wa mji wa Sparta, ulikuwa na merikebu za vita kupita miji yote ya Wayunani. Ukapeleka merikebu 38 kwenye kisiwa kidogo cha Melos, kuwataka wenyeji watii na kulipa kodi. Thucydides, mwandishi wa historia aliyepata kuwa jemadari wa Athens, ameyaandika mashauri yao. Wajumbe wa Athens walisema ya kwamba haki hutafutwa baina ya walio sawa kwa nguvu. Mwenye nguvu hufanya awezalo, na mnyonge hana budi kukubali. Watu wa Melos wakajibu ya kuwa haki yawafaa wote, hata Athens yenyewe, kwani nayo yaweza kuanguka.

Hawakusikilizwa. Mji wao ulizingirwa hata ukashindwa. Wanaume waliokamatwa wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Mwaka wa 405 Sparta iliteka karibu merikebu zote za Athens. Xenophon asimulia ya kuwa habari ilipofika, hakuna aliyelala mjini usiku ule. Waliwalilia wafu wao, na zaidi wakajililia nafsi zao, wakiogopa kutendwa kama walivyowatenda watu wa Melos. Mwaka uliofuata walisalimu amri, wakapona kwa kuwa tu Sparta ilikataa kuuangamiza mji wao.

Mwaka wa 1945, huko San Francisco, mataifa yaliandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kwamba taifa lisitumie nguvu juu ya nchi ya mwenziwe. Katika Baraza Kuu kila taifa lina kura moja, kubwa kwa dogo. Lakini katika Baraza la Usalama mataifa makubwa matano, kila moja peke yake, laweza kuzuia azimio. Basi sauti ya Athens haijanyamaza.

Wako wasemao kwamba sheria ya mataifa ni kimbilio la wanyonge tu. Sisi twaona sivyo. Avunjaye sheria leo kwa kutegemea merikebu zake, na ajiulize atakimbilia wapi siku zitakapozama. Watu wa Athens walijiuliza hivyo usiku ule, nao walikuwa wamekwisha kuchelewa.