Kingamwili Zilizokataliwa: Chimbuko la Kipimo cha Homoni ya Ukuaji

Desemba 2027 itatimia miaka 50 tangu mwanafizikia Rosalyn Yalow wa New York apokee Tuzo ya Nobel kwa kubuni redioimunoasei, kipimo kinachotumia kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda ili kunasa vitu vigeni, kupima homoni zilizo haba mno katika damu. Uzao wa kipimo hicho umefika hadi maduka ya dawa muhimu ya Geita na Kahama, kwa kuwa hata kijiti cha kupimia mimba, chenye kutoa mistari miwili, huinasa homoni ya ujauzito kwa kingamwili.

Mwaka 1955 Yalow na mwenzake, daktari Solomon Berson, wakifanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, walidai kwamba wagonjwa wa kisukari wanaodungwa insulini ya wanyama hujenga kingamwili dhidi yake, ilhali wakubwa wa taaluma walishikilia kwamba insulini ni ndogo mno kuamsha kinga ya mwili. Jarida la Science liliikataa makala yao, na Journal of Clinical Investigation likaichapisha mwaka 1956 baada tu ya neno "kingamwili" kuondolewa katika kichwa chake. Yalow hakusamehe upesi, kwani miaka 22 baada ya kukataliwa aliianika katika mhadhara wake wa Nobel barua ya Journal of Clinical Investigation, ambalo nalo liliikataa makala hiyo mwanzoni. Berson, aliyefariki mwaka 1972, hakuwahi kuufurahia ushindi huo.

Kingamwili hizo ndizo zilizozaa redioimunoasei, na kwa njia hiyo kipimo cha homoni ya ukuaji, inayotoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo, kilitangazwa na Utiger, Parker na Daughaday wa St. Louis mwaka 1962, kisha na kundi la Bronx mwaka 1963. Homoni iliyotiwa iodini ya mionzi huchanganywa na damu ya mgonjwa, homoni hiyo na ile ya mgonjwa zikagombania kingamwili chache, hivyo kadiri homoni ya mgonjwa ilivyo nyingi ndivyo mionzi inayonaswa inavyopungua. Kipimo cha ELISA cha mwaka 1971 kiliweka kimeng'enya mahali pa mionzi.

Kinachosahaulika isivyo haki ni mchango wa Kampala, ambako Lunn, Whitehead na wenzao walionyesha mwaka 1973 kwamba kwa watoto wanaoelekea kupata unyafuzi, homoni ya ukuaji hupanda kadiri albumini, protini kuu ya damu, inavyoshuka. Mtoto aliyedumaa kwa njaa, basi, huenda asipungukiwe homoni hata kidogo, na kwa kuwa homoni hiyo hupanda na kushuka saa kwa saa, sampuli moja ya damu haitoshi kumhukumu. Nchini Tanzania, ambako utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, mizani na ubao wa kupimia urefu wa kliniki za Shinyanga bado hutangulia maabara, tena kwa haki.