Mama Mkubwa na Jengo Lisilokuwepo

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu wageni wanaokuja kutoka nyumbani: masanduku yenye dagaa, simu za usiku wa manane, na ile safari ya lazima ya Niagara. Kuna sehemu niliikatisha kwa sababu sauti ilinikwama. Basi naiandika.

Mama mkubwa alifika kutoka Tanga Juni iliyopita. Ni dada yake mama, tumbo moja. Aliomba viza mama alipokuwa mgonjwa, akanyimwa. Akaomba tena kwa ajili ya mazishi, akanyimwa. Safari hii, miaka kumi na moja baadaye, akapewa kama vile haijawahi kuwa shida. Asubuhi ya kwanza, hata chai hajamaliza, akatoa kwenye mkoba barua zilizofungwa kwa uzi. Barua za mama za miaka ya tisini, na nyuma ya kila bahasha anwani yetu ya Regent Park.

"Nipeleke hapa."

"Mama mkubwa, jengo hilo halipo tena."

"Halipo limekwenda wapi?"

Ni swali zuri, na jibu lake ni refu. Kabla ya Regent Park kulikuwa na vijumba vya Cabbagetown, mtaa wa maskini, wengi wao Waairishi. Jiji la Toronto likavunja, na kuanzia 1948 likajenga mradi mkubwa wa kwanza wa nyumba za umma Kanada. Wapangaji wa mwanzo waliingia 1949. Wapanga miji wa wakati ule waliamini kwamba mtaa wenye magari ni mtaa mbaya, kwa hiyo barabara nyingi zilizokuwa zinakatiza walizifuta. Majengo ya matofali mekundu yakaachwa katikati ya nyasi, yametazamana yenyewe kwa yenyewe. Kwenye karatasi ilionekana kama bustani. Ukiishi ndani, yaani, teksi haikufikishi mlangoni. Nakumbuka mama akishushwa Dundas na mifuko ya mchele, theluji imefika vifundoni, halafu tunatembea. Wageni wetu walikuwa wanapotea kila mara. Mjomba mmoja kutoka Ohio alizunguka kwa gari saa nzima akiliona jengo letu bila kulifikia.

Mwaka 2005 wakaanza kuvunja tena. Nyumba 2,083 za kodi nafuu zingejengwa upya kwa awamu, zichanganywe na nyumba za kuuza, na barabara zirudishwe. Wapangaji walihamishwa wakiwa na haki ya kurudi. Wengi walirudi, wengine hawakurudi. Mama alipelekwa Scarborough kusubiri, na huko ndiko alikofia. Mimi sisemi Regent Park ya sasa ni mbaya. Bwawa la kuogelea lililofunguliwa 2012 ni zuri kuliko chochote tulichokuwa nacho utotoni, na sasa hata mgeni wa Ohio angefika. Ila tuliotoka kule hatuna mahali pa kuonyesha kidole.

Nilimpeleka hivyo hivyo. Nikakadiria kwa kutazama kanisa na kituo cha tramu ya 505, nikamwambia, nadhani jiko lilikuwa hapa. Tulikuwa tumesimama katikati ya barabara mpya. Mama mkubwa akavua viatu. Gari nyuma yetu likapiga honi, nikamwinulia mkono dereva asubiri, naye kwa kweli akasubiri.

Tulipoondoka tulishuka na Sackville kuelekea kusini. Dakika chache tu, unafika Eastern Avenue, na pale kuna habari ambayo shuleni sikufundishwa, ingawa shule yangu ilikuwa jirani. Thornton na Lucie Blackburn walitoroka utumwani Kentucky mwaka 1831. Walikamatwa Detroit 1833. Lucie alitoka jela kwa kubadilishana nguo na mwanamke aliyekuja kumtembelea (mgeni huyo!), na Thornton aliokolewa na umati barabarani. Wakavuka mto kuingia Kanada, na serikali ya huku ikakataa kuwarudisha. Mwaka 1837 Thornton akaanzisha teksi ya kwanza ya Toronto, gari la farasi lililopakwa rangi nyekundu na njano. Nyumba yao nayo ilivunjwa, na mahali pake pakawa uwanja wa shule. Ni mwaka 1985 ndipo wanaakiolojia walipochimba uwanja wa shule na kukuta mabaki.

Kinachonikaa moyoni ni kwamba Thornton alirudi Kentucky. Mtu ambaye angeweza kukamatwa na kuuzwa tena, alirudi kumchukua mama yake, akamleta Toronto.

Mama mkubwa alisikiliza yote. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na Pangani watu wanajua bandari ile ilisafirisha nini. Akasema tu, "Huyu hakuomba viza."

Jumamosi tukaenda Niagara, kilomita kama 130, kwa barabara ya Queen Elizabeth Way. Alidhani ni yule malkia aliyepokea habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, 1952. Kumbe ni mama yake, aliyekuja na mfalme George wa Sita mwaka 1939 kuizindua. Njiani tukapita St. Catharines, ambako Harriet Tubman aliishi miaka ya 1850 na kuwaleta wazazi wake wazee mwaka 1857. Tulisimama mbele ya kanisa dogo la Salem Chapel kwa dakika ishirini. Niagara yenyewe tulikaa saa moja: maji mengi, watu wengi, maegesho ghali. Alipiga picha mbili, akasema Mto Pangani nao una maporomoko, tena hakuna anayekutoza kuyatazama.

Kurudi jioni nilitaka kupita njia ya haraka. Akaniomba tupite tena pale jikoni. Safari hii hakushuka. Alifungua kioo, akaniuliza barabara inaitwaje, akaandika jina lake nyuma ya bahasha moja, chini ya anwani ya zamani.

Wiki ijayo tutarekodi sehemu ya pili. Kama kwenu kulivunjwa, iwe kaskazini au kule kwenye maghorofa ya kusini, tutumieni sauti zenu. Tuambieni barabara gani inapita jikoni kwenu sasa.