Spika Mbili za Mwaka 1978

Mtu atakaye kusikiliza muziki, au kuuhariri, mezani pake hana budi kuchagua: anunue spika zenye amplifaya ndani, ama spika tupu azitafutie amplifaya kando. Wengi hudhani kuwa hiari hii imeletwa na kompyuta. Sivyo, umri wake wakaribia karne.

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric nchini Marekani, walieleza spika ya koni isukumwayo na koili iliyo kati ya sumaku. Mwaka uliofuata RCA iliuza spika ya namna hiyo, Radiola 104, nayo amplifaya ilikuwamo katika kasha lile lile, kwani redio za siku zile hazikuwa na nguvu ya kuiendesha. Basi muungano ulitangulia. Utengano ulikuja baadaye, wapenzi wa muziki walipotaka kuchagua kila chombo peke yake.

Mwaka 1978 njia hizo mbili zilisimama uso kwa uso. Huko Japani Yamaha ilitoa NS-10, spika tupu iliyokusudiwa majumbani. Majumbani haikupendwa sana, lakini mafundi wa studio waliiweka juu ya meza zao za kuchanganyia sauti. Na wengine, kwa ukali wa sauti zake nyembamba, wakatundika karatasi ya msalani mbele yake. Mwaka huo huo, mjini Iisalmi, Ufini, ilianzishwa Genelec, iliyoliundia shirika la utangazaji la nchi hiyo spika S30, zenye amplifaya ndani.

Tofauti yao si kasha tu. Katika spika tupu, sauti hukuzwa kwanza, kisha koili na kapasita huigawa, nene huku na nyembamba kule, na nguvu kidogo hupotea kwa joto. Katika S30 sauti hugawanywa ingali dhaifu, kisha kila sehemu hupewa amplifaya yake, iliyopimwa na mwundaji mwenyewe. Lakini msomaji asihadaike: spika nyingi za bei nafuu zina amplifaya katika kasha moja tu, na kasha la pili hulishwa kwa waya.

Kwa hiyo swali ni hili: nani abebe kazi ya kulinganisha, mwundaji au mwenye mali? Aketiye karibu na spika zake, na ambaye kazi yake ni kuhukumu sauti, heri amwachie mwundaji. Mwenye amplifaya njema tayari, au akaaye mbali na fundi, heri achukue spika tupu. Kwani amplifaya ikifa hubadilishwa, na spika husalia.

Hata hivyo, kila chombo kwa wimbile. NS-10, iliyokoma kuundwa mwaka 2001, haikupata heshima kwa utamu wa sauti. Iliipata kwa kuwa mafundi waliizoea hata wakazijua kasoro zake. Na aijuaye kasoro ya kipimo chake ndiye apimaye kwa haki.